Hesabu ya Visiwa Vinne

Mwalimu alikuwa mtu wa hasira, na sitamtetea kwa kusema kwamba moyoni alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikaa katika mulhaq yetu, kile kijumba cha uani nyuma ya nyumba yetu ya Wattaya, nje kidogo ya Maskati, tangu mimi nasoma sekondari mpaka nimeoa na kupata watoto, na katika miaka yote hiyo sikumbuki wiki iliyopita bila ya yeye kugombana na mtu, au na redio. Alikuwa Mngazija, mwalimu wa Kifaransa katika skuli moja ya binafsi. Jina lake tulilijua sote na hakuna aliyelitumia. Baba alimwita Mwalimu, mama alimwita Mwalimu, na wauza magari wa mtaani kwetu, ambao kila jioni walimwona akipita kwa miguu mbele ya vioo vyao na kumdhania mteja, nao mwishowe walimwita Mwalimu.

Hakuwa na gari wala hakutaka kujifunza kuendesha. Hapa kwetu mtu asiyeendesha haendi popote, kwa hiyo mara nyingi mimi au baba ndiye aliyempeleka alikotaka. Hakushukuru. Alikaa kiti cha mbele, kofia yake ya Kingazija imenyooka kichwani, akaanza kusema pale alipoachia safari iliyopita.

Na alichokuwa akikisema njiani, na barazani, na juu ya sahani ya wali, kilikuwa kimoja: kura za maoni za kwao. Watu wengine hujua mpira, nani alifunga na dakika ya ngapi. Yeye alijua kura za maoni za Komoro, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila moja ilimkera kwa namna yake.

Kwao ni visiwa vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Mwishoni mwa mwaka sabini na nne, Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi hiyo waliwauliza watu wake kama wanataka uhuru. Visiwa vitatu vilisema ndiyo kwa kishindo. Maore, wengi wao, walisema la. Ukizichanganya kura zote, nchi ilikuwa imesema ndiyo, hapakuwa na shaka yoyote. Lakini kule Ufaransa ikaamuliwa kwamba hesabu isomwe kisiwa kwa kisiwa. Vitatu vikaondoka, Maore ikabaki kwa Wafaransa, na imebaki mpaka leo.

"Swali lilikuwa moja," alikuwa akisema, na kidole chake kinagonga meza. "Nchi ilikuwa moja. Hesabu zikawa nne. Mtihani gani huo, karatasi zikishakusanywa ndipo unabadilisha namna ya kusahihisha?"

Kisha alishuka na historia. Miaka michache baadaye watu wakaitwa tena, wakubali katiba ya shirikisho, ambamo kila kisiwa kitakuwa na serikali yake, wakasema ndiyo. Wakaitwa rais alipotaka kujiongezea muda, ndiyo. Wakaitwa kwa katiba mpya, na mpya tena baada ya hiyo. Ndiyo na ndiyo. Nzwani ikataka kujitenga ikapiga kura yake peke yake, ndiyo. Ukaundwa Muungano ambao visiwa vitapokezana urais, ndiyo. Ukaja kubadilishwa, ndiyo. Ukabadilishwa tena, ndiyo.

"Sisi ni watu tusiojua kusema la," alimaliza siku moja, sauti imeshuka. "Waliosema la ni Maore tu, na hao tukawakosa."

Nilikuwa kijana, nikaona ni maneno mazuri tu ya mwalimu. Sikujua kwamba alikuwa akimsema mtu.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alikuja kunywa kahawa na baba. Baba ni mtu wa Unguja aliyeletwa huku mdogo, naye alikuwa na kidonda chake. Mwalimu akilalamika kupita kiasi, baba alimkata: "Nyinyi mliulizwa, mkahesabiwa vibaya. Sisi hatukuulizwa kabisa. Tumelala watu wa nchi moja, tumeamka watu wa nchi nyengine. Basi nna haki ya kukasirika kuliko wewe." Mwalimu hapo aliomba amiminiwe kahawa nyengine.

Lakini baba alimpata vibaya zaidi siku moja nyengine. Mwalimu alikuwa akitueleza namna nchi nyengine za shirikisho zinavyofanya, Uswisi na Australia, jinsi kule haitoshi watu wengi kwa jumla kusema ndiyo. Lazima na majimbo mengi yaseme ndiyo. Kura moja inahesabiwa mara mbili. Alizisifu nchi hizo kwa mapenzi ambayo sikupata kumsikia akimsifu nayo binadamu yeyote. Akasema huo ndio uadilifu wenyewe, mkubwa asimmeze mdogo kwa sababu tu ana watu wengi.

Baba akaweka kikombe chini. "Basi Maore walikuwa na haki," alisema. "Walikuwa wadogo, wakakataa kumezwa. Wewe unataka visiwa vihesabiwe kimoja kimoja au hutaki?"

Mwalimu alinyanyuka akaenda zake. Hakuaga. Alikaa mulhaq wiki nzima na mlango umefungwa, na mama akawa anampelekea chakula na kukiweka kizingitini. Alirudi na mambo ya Uswisi, kana kwamba hakuna lililosemwa.

Alikuwa hastahamili swali lililoulizwa vibaya. Mama akimuuliza, "Utakula sasa au unasubiri magharibi?" alijibu kwamba hayo ni maswali mawili na angependa kwanza aulizwe kama atakula. Katiba, alisema, ni hivyohivyo: wanakuletea vifungu tele, kimoja kizuri kama asali na kimoja sumu, nawe una ndiyo moja tu. Wanafunzi wake walimwogopa. Mtoto akinyoosha mkono kuuliza, ilimbidi kwanza alitengeneze swali lake kichwani, maana angelirudishiwa. Nimekutana na wengi wao ukubwani, mmoja daktari, mmoja anafanya kazi wizara moja kule Maskati, na wote wanasema lilelile, kwamba walimchukia na kwamba mpaka leo mtu akiwauliza jambo, wanaligeuza kwanza walione nyuma.

Na mtu huyuhuyu, nyumbani kwake hakumuuliza mtu kitu. Mke na binti yake walikuwa Ngazija, na yeye aliwaongoza kwa simu kutoka uani kwetu. Binti alipofikia kuolewa, Mwalimu alimchagulia mume, mtoto wa rafiki yake, akaweka na siku. Binti alimpigia mama yangu simu akilia. Mama akavuka ua, akasimama mlangoni kwake, akamuuliza kama amemshauri mtoto. Akajibiwa kwamba binti hashauriwi. Mama hakumsemesha kwa muda mrefu. Chakula aliendelea kumpelekea, lakini kimyakimya, na nadhani kimya kile kilimuuma kuliko maneno.

Alisafiri kwenda kumwoza. Lililotokea huko alitusimulia mwenyewe, ndiyo sababu nalijua. Kadhi alituma watu wakamuulize bibi harusi, kama desturi, na kila mtu alitarajia kimya, maana kimya cha bibi harusi huchukuliwa kuwa ni ridhaa. Binti alisema, "Sitaki." Wakarudi kumuuliza, akasema, "Sitaki," kwa sauti iliyofika nje walikokaa wanaume. Harusi ikavunjika, wageni wameshakaa.

Alirudi Wattaya mwekundu wa ghadhabu, hataki hata salamu. Miezi ilipita. Kisha Ijumaa moja, bila ya kuulizwa, alimwambia baba kwamba ile ndiyo kura ya haki pekee aliyoishuhudia kwao tangu nchi kupata bendera. Mama alikuwa akipita na sinia. Alisimama kidogo, akamwambia, "Basi mpigie umwambie hivyo yeye, si sisi." Sijui kama alimpigia.

Kuna jambo moja la kumhurumia, na nitalisema. Kwao Ngazija, mwanamume asiyefanya ile harusi kubwa ya ada, ya kulisha mji mzima na kumaliza akiba ya miaka, hahesabiwi kuwa mtu mzima. Hata awe na mvi, mkutanoni hukaa na vijana na hana ruhusa ya kusema. Mwalimu alikataa kuifanya. Alisema ni kununua sauti. Basi bingwa huyu wa kura alikuwa akienda likizo kwao na kukaa nyuma pamoja na watoto wa juzi, anasikiliza watu wasiojua kusoma wakiamua mambo ya mji. Pengine ndiyo maana alipenda kwetu. Kwetu alisema mpaka tukachoka.

Simu ya Maore ililia siku ya mfungo, saa za alasiri. Mama ndiye aliyeipokea. Aliyekuwa upande wa pili alikuwa mwanamke mtu mzima, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimaore, akauliza kama hapo ndipo anapokaa mwalimu Mngazija na kama bado yu mzima. Mama akamuuliza yeye ni nani. Akasema ni dada yake, wa tumbo moja.

Sisi hatukujua kwamba Mwalimu ana dada. Walikuwa watoto wa mama wa Maore na baba wa Ngazija; mvulana alikwenda kusomea Moroni kwa baba, msichana akabaki na mama. Siku ya kura yule msichana alikuwa ameshatimiza umri. Alisema la.

Mama alizungumza naye mpaka karibu na futari, na usiku ule alitusimulia. Alikuwa amemuuliza kwa nini. Yule bibi hakukasirika. "Mji mkuu ulikuwa kwetu, wakauhamishia Moroni," alisema, "na kazi zikaenda nao, na waume zetu wakaenda na kazi. Siku ile hatukuulizwa. Siku tulipoulizwa, nikajibu. Sikumjibu ndugu yangu, niliwajibu wakubwa. Lakini yeye alichukua kuwa nimemjibu yeye."

Mama alimpelekea Mwalimu namba ya simu. Yeye hakuipokea. Alisema hana dada Maore, ana kisiwa Maore. Mama yangu ni mtu wa maneno machache, lakini hapo alimwambia kisiwa hakikunyonya naye ziwa moja, akamwachia ile namba juu ya redio.

Mimi nilikasirika kuliko mama. Miaka yote alitukalisha chini akatuhesabia visiwa, akawalaani Wafaransa na wakubwa wa Moroni na kila aliyepata kuishika karatasi ya kura, na hakuwahi kututajia kwamba moja ya zile kura za la ilitoka nyumbani kwao. Tulikuwa tukidhani ana uchungu wa nchi tu, kumbe na ugomvi wa watoto wa mama mmoja ulikuwa ndani yake. Nilimngojea siku ya kumpeleka Maskati, alikokuwa na shughuli ya karatasi zake. Tulipofika njia ya pwani, mlima upande mmoja na bahari upande wa pili, nikamwambia yote niliyokuwa nayo.

"Simamisha gari," alisema.

Nikasimamisha. Akateremka, akaanza kutembea kando ya njia katika jua la saa sita. Nikamfuata polepole, taa zangu zinawakawaka, magari yananipigia honi. Alikwenda hivyo mpaka shati lake likamganda mgongoni. Kisha akarudi akaingia, akafunga mlango, na tulipolifikia lango la mji akainyoosha kofia yake.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Mimi niliyekuwa naitaka nchi sikuruhusiwa kupiga. Yeye aliruhusiwa. Yeye alikuwa na kura, mimi nlikuwa na hasira tu. Sasa nimpigie simu nimwambie nini?"

"Muulize hali yake," nilisema.

Ilimchukua muda. Lakini alimpigia, na kuanzia hapo kila Ijumaa tulimsikia mulhaq akigombana na Maore. Waligombana juu ya Moroni, juu ya mama yao, juu ya nani aliyeitoroka skuli ya Kurani na nani aliyepigwa kwa sababu yake. Mara kicheko kilipenya ukutani, na baba na mimi tulitazamana, maana hatukuwa tumepata kukisikia. Kisha hasira tena. Nadhani zile zilikuwa Ijumaa zake nzuri kuliko zote alizokaa kwetu.

Kazi aliipoteza kwa kura, kama ilivyostahiki kuwa. Uongozi mpya wa skuli uliwaita wazazi mkutanoni wanyanyue mikono: je, wanakubali masomo ya lugha yaboreshwe kwa mpango wa kisasa? Ndani ya mpango huo Kifaransa kilikuwa kimefutwa. Mwalimu alisimama, akawaeleza wazazi kwamba wameulizwa maswali mawili na wamepewa jawabu moja, na akawasomesha, nina hakika, na habari za Uswisi. Wakamsikiliza kwa adabu. Wakanyanyua mikono. Mlangoni, mmoja baada ya mmoja, walikuja kumwambia namna watoto wao walivyokipenda Kifaransa.

"Wamekubali kwa mikono yao," alituambia jioni, "halafu wakaja kunipa pole kwa mikono ileile."

Mkataba haukuongezwa. Bila ya kazi hakuna ukaazi, na tulikwisha anza kumfungia mizigo pale mwanafunzi wake wa zamani, mtu wa Qurayyat, mji wa wavuvi, alipomchukua akawafundishe watoto wake, naye akamsimamia karatasi za ukaazi. Alihama uani kwetu asubuhi moja. Mama alilia. Yeye alimwambia tu kwamba rangi ya mlango wa mulhaq imeharibika, aitazame.

Alikuwa kule Qurayyat dada yake alipougua. Aliomba viza kwa Wafaransa. Hili ndilo lisilonitoka rohoni: mtu huyu aliomba viza kwenda kisiwa cha mama yake, kwa dada yake, kwenye nchi ambayo katiba ya kwao mpaka leo inaihesabu kuwa ni yao. Mimi ndiye niliyempeleka, na mimi ndiye niliyekwenda naye kuchukua jawabu. Walimnyima. Hawakuwa na uhakika, walisema, kama atarudi. Nilipaza sauti pale mbele ya watu, nikasema maneno ambayo sikuyajutia. Yeye alinishika mkono akanitoa nje. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ana jambo la kumkasirisha na hakasiriki, na iliniogopesha.

Dada alifariki kabla ya Ramadhani. Nilipata khabari kwa yule mwenyeji wake, nikaendesha Qurayyat siku ya pili yake kumpa mkono wa tanzia. Nilimkuta majlisini, chumba cha kupokelea wageni, amekaa mahala pa mfiwa, kanzu nyeupe, kofia yake ileile. Amekonda. Wavuvi na majirani walikuwa wamekaa kuzunguka kuta. Wengi wao hawakujua Maore iko wapi, lakini walikuja, kwa sababu mgeni wao amefiwa. Nikakaa karibu yake. Akaanza kunisimulia bila ya kungoja niulize.

Mtoto wa dada yake alimfungulia simu ya picha ili ashuhudie mazishi. Aliliona jeneza likitoka nyumbani. Aliwaona watu wakipanga safu. Baada ya sala, imamu akawageukia waliohudhuria awaulize, kama inavyoulizwa kila mahala kwetu, wanamshuhudia vipi marehemu huyu.

"Nilisimama hapa," alisema Mwalimu. "Mbele ya watu hawa. Nikajibu kwa sauti: alikuwa mtu mwema. Kisha nikaitazama simu, picha imeganda. Nimemuuliza mtoto. Anasema kwao sauti yangu ilikatika zamani, tangu wanatoka nyumbani. Walijibu wao, mimi sikusikika."

Nikamwambia Mungu amemsikia, na watu wa majlisi wamemsikia. Nikamwambia inatosha.

"Haitoshi," alisema. "Miaka yote nilimsema vibaya, na watu wa kule wanajua kuwa nilimsema vibaya. Nilitaka wanisikie wao."

Niliwakasirikia walioikata hesabu na walioikata njia, nikamkasirikia na yeye kwa zile Ijumaa zote alizozitupa kabla ya mama yangu kumwachia namba juu ya redio. Nikanywa kahawa niliyopewa.

Wageni waliendelea kuingia mpaka alasiri. Kila aliyeingia alimpa mkono na kuyasema maneno yanayosemwa. Mwalimu aliushika mkono ule akamwambia, kwa Kiarabu chake kibovu na kwa sauti ya darasani, kwamba dada yake alikuwa mtu mwema, wakati mgeni hata hakuwa amekaa. Kisha akamtazama usoni, akangoja, na hakuuachia mkono wa mtu mpaka na yeye aseme hivyo.